RELI ILIYOKUWA KISIWA

Mtu wa kisiwani hahitaji kufundishwa kwamba gharama kubwa ya safari haiko baharini. Chombo kikishatia tanga, bahari hukibeba bila kudai ushuru. Gharama iko ufukoni: pale gunia linapotoka begani kwa mchukuzi likaingia mashuani, likatoka mashuani likaingia jahazini, na huko liendako likaanza tena safari hiyo hiyo kinyumenyume. Kila mkono unaolipokea hudai ujira wake, na kila mkono unaolitoa huweza kulipunguza. Hilo wanalijua Waunguja, Wapemba na watu wa Mafia tangu enzi za mababu.

Leo tunataka kuzungumza juu ya reli, na tunawaomba ndugu zetu wa visiwani wasigeuze ukurasa kwa kudhani kwamba jambo hili ni la watu wa bara peke yao. Reli tunayoikusudia ilijengwa katika mikoa yetu ya Kusini, ikafanya kazi kwa muda wa miaka kumi na ushei, kisha ikang'olewa. Ilikuwa kwenye nchi kavu, lakini kwa hali yake ilikuwa kisiwa kuliko kisiwa chochote cha mwambao wetu. Tunawaomba pia viongozi wa Serikali watusikilize, kwa sababu taifa letu linakusudia kujenga reli nyingine katika upande huo huo wa nchi, na jambo lililoiua ile ya kwanza bado halijapatiwa jibu.

SAFARI YA GUNIA LA LULINDI

Tuanzie Lulindi. Lulindi imo wilayani Masasi, kati ya mji wa Masasi na Newala, chini ya uwanda wa juu wa Makonde. Ni nchi ya Wamakua, Wayao na Wamakonde, na ni nchi ya mikorosho. Mkulima wa huko hupalilia kiangazi kinapoanza, hupuliza salfa ili ugonjwa wa ubwiriunga usiharibu maua, huokota korosho kuanzia mwezi wa Oktoba, huzianika, huzichambua, huzitia gunia. Kazi yote hiyo huifanya kwa mikono yake na ya jamaa yake, na hadi hapo anajua kila punje iliko.

Baada ya hapo gunia linaanza safari, nasi tuhesabu mikono. Kwanza linakwenda kwa baiskeli au pikipiki hadi ghala la chama cha msingi, ambako hupimwa na mkulima akapewa stakabadhi. Pili linapakiwa katika lori hadi ghala kuu, ambako hupimwa tena na kupangwa daraja, likangoja mnada. Tatu, likishanunuliwa, hupakiwa tena hadi ghala la karibu na bandari ya Mtwara. Nne linaingizwa ndani ya kontena. Tano kontena linainuliwa na kreni na kutiwa melini. Mara tano mali moja imekabidhiwa kutoka mkono hadi mkono, na haijatoka bado katika ardhi ya Tanzania.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika zao la korosho msimu wa 2007/08, uliletwa ili mkulima asiuze kwa kangomba shambani, na katika hilo umefanya kazi ya maana. Lakini kila aliyekaa katika mkutano wa chama cha msingi anajua neno linalowasha moto kuliko yote: unyaufu. Gunia lilipimwa kilo kadhaa katika ghala la kijiji. Likifika ghala kuu, kilo zimepungua. Je, ni maji yaliyokauka, au ni mizani mbovu, au ni mkono wa mtu njiani? Aliyepeleka husema hivi, aliyepokea husema vile, na pengo hilo hatimaye huangukia mfuko wa mkulima. Tulipokaa mkekani chuoni tulifunzwa kwamba anayepunja mizani anajitafutia adhabu kubwa, na kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe kama ilivyotolewa. Mafunzo hayo yanafaa katika uchukuzi kama yanavyofaa sokoni, kwa maana uchukuzi wote ni amana inayopita mikononi.

Basi mtu aweza kuuliza: kwa nini korosho za Masasi zisiende bandarini kwa reli? Jibu ni kwamba ziliwahi kwenda.

KARANGA ZISIZOFIKA STESHENI

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 mkuu mmoja wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, alitoa wazo la kulima karanga kwa matrekta katika Afrika ya Mashariki. Tume iliyoongozwa na John Wakefield ilizunguka kwa majuma machache ikaunga mkono wazo hilo, na mwaka 1947 kazi ikaanza. Ziliwekewa shabaha eka zaidi ya milioni tatu. Mashamba yalianzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, na sehemu kubwa kuliko zote ilikusudiwa iwe Jimbo la Kusini.

Kusini hakukuwa na reli wala bandari ya kina kirefu. Bandari ya Lindi haikuweza kufungisha meli kubwa gatini. Mizigo ilishushwa kwenye matishari. Kwa hiyo ikaamuliwa kujenga vyote viwili kwa mara moja. Reli ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na mwaka 1949 ikafika Nachingwea. Mtwara, penye ghuba yenye kina cha asili, ulichorwa mji mpya na bandari mpya. Reli ya kutoka Mtwara ikaungana na ile ya Mkwaya mahali paitwapo Ruo. Mwendeshaji alikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1948.

Wakati magati ya Mtwara yanafunguliwa mwaka 1954, mpango wa karanga ulikuwa umekwisha kufa miaka mitatu nyuma. Serikali ya Uingereza iliuacha Januari 1951, baada ya kupoteza pauni milioni 36. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikutii ramani, matrekta yalivunjika, na wenyeji walioijua nchi hiyo hawakuulizwa. Tunayakumbuka hayo bila ya kufurahia hasara ya mtu, ila kwa sababu yalizaa jambo la ajabu: reli nzima na bandari nzima zikasimama zikingojea mzigo ambao hautakuja.

Hapo ndipo wakulima wetu walipoingia. Bila ya tume wala matrekta, wakulima wa Newala, Masasi na Lindi walikuwa wakipanua mikorosho yao mwaka hadi mwaka. Reli ikaanza kubeba korosho, ufuta, mihogo na mbao. Mwaka 1958 likafunguliwa tawi la Masasi, na kwa mara ya kwanza mzigo wa Lulindi uliteremshwa kwa lori mwendo mfupi tu hadi stesheni, ukakabidhiwa kwa karani wa mizigo, ukaenda hadi gatini. Lakini furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1962, mwaka uliofuata Uhuru, reli ilifungwa kwa sababu ya hasara, na baadaye ikang'olewa. Tawi la Masasi lilikuwa limeishi miaka minne tu.

La kusikitisha zaidi ni hesabu iliyofuata. Korosho ziliendelea kuongezeka, na katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani zipatazo 145,000, kiasi ambacho hakikupata kuonekana kabla ya hapo. Yaani mzigo ambao reli iliungojea ulifika, lakini ulifika miaka kumi na mmoja baada ya reli kuondolewa. Sehemu kubwa ya mzigo huo ilisafiri juu ya malori katika njia za vumbi na tope.

RELI FUPI HUISHI KWA KUKABIDHIANA

Wengi wakisimulia habari hii huishia kwenye karanga. Husema: hapakuwa na karanga, basi hapakuwa na reli. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba reli ile haikuungana na reli nyingine yoyote duniani. Kila injini na kila behewa lililotembea juu yake lilifika huko kwa meli. Masika yakileta mzigo mchache, mabehewa yake hayakuweza kupelekwa Tabora au Moshi kufanya kazi nyingine, yalilala. Msimu wa korosho ukipamba moto, hayakuweza kuazimwa mabehewa kutoka reli ya kati. Hapakuwa na njia ya kuyapitisha. Mafundi, vipuri na makarani walilipwa kwa miezi kumi na miwili kwa ajili ya kazi ya miezi mitano.

Watu wa visiwani wataelewa haraka tukiwaambia hivi: majahazi yetu ya zamani yaliishi kwa pepo mbili. Yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, mazulia na samaki wa chumvi. Yakarudi na kusi yakiwa na boriti, karafuu na nafaka. Hakuna nahodha aliyejenga jahazi ili lije limejaa na kurudi tupu. Reli ya Kusini ilikuwa na upepo mmoja tu, nao ulivuma kwa msimu mfupi.

Na tuseme wazi namna reli fupi inavyofanya kazi, kwa sababu jambo hili halifahamiki vya kutosha. Reli fupi haijitoshelezi. Inakusanya mabehewa machache hapa kwenye ghala, machache pale kwenye kiwanda, inayaunga, inayapeleka hadi stesheni ya makutano, na hapo inayakabidhi kwa reli kubwa. Wakati wa kukabidhiana, mkaguzi wa upande wa pili huangalia breki, viungio na magurudumu. Karani hulinganisha hati ya mzigo na namba ya behewa. Lakiri ya mlango huangaliwa kama haikuvunjwa. Tangu saa hiyo dhamana ya mali imehama. Anayekaa na behewa la mwenziwe hulipa kodi kwa kila siku, na kwa hiyo kila mmoja ana haja ya kulipakua upesi na kulirejesha. Mwenye mzigo hulipa nauli moja kwa safari nzima, na reli hizo mbili hugawana baadaye kwa makubaliano yao.

Kwa utaratibu huo nchini Marekani ziko leo reli fupi zipatazo 600. Nyingi kati yake zilizaliwa baada ya sheria ya mwaka 1980 iliyolegeza masharti ya reli, wakati makampuni makubwa yalipoyaachilia matawi yasiyowapa faida. Hatuitaji nchi hiyo ili tuige siasa yake ya uchumi. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba hata tawi la kilometa chache, lenye ghala la nafaka na kiwanda cha mbao tu, laweza kuishi iwapo mwisho wake umeshikana na njia kubwa.

Ushahidi haukosekani hapa kwetu. Reli ya Kusini ilifungwa mwaka 1962. Mwaka 1963 ilifunguliwa reli ya kuunganisha Mnyusi, kwenye njia ya Tanga, na Ruvu, kwenye njia ya kati. Kabla ya hapo reli hizo mbili za Tanganyika zilikuwa hazijuani. Tangu hapo behewa la Moshi likaweza kufika Dar es Salaam na Mwanza bila ya kushushwa mzigo wake. Katika kipindi kifupi kisiwa kimoja cha chuma kilifutwa kwa kung'olewa, na kingine kikafutwa kwa kuunganishwa. Atakayetaka kujua lipi lilikuwa na faida na atazame: njia ya Tanga, ingawa imepitia miaka mirefu ya kudorora, iko hadi leo, na treni za mizigo zimerejea Moshi na Arusha. Njia ya Nachingwea imebaki tuta lililomeza majani.

Tuna pia funzo la Kidatu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa ndugu zetu wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, ina upana wa milimita 1,067. Reli ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Tofauti ni vidole vichache tu, lakini inatosha kulizuia behewa. Ilichukua miaka mingi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, kuwekwa pale Kidatu mahali pa kuhamishia makontena kutoka treni moja hadi nyingine. Sasa tunayo reli ya tatu, yenye milimita 1,435, ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Ni fahari ya taifa. Lakini nchi yenye vipimo vitatu vya reli haina budi kuwa hodari kuliko nchi nyingine katika sanaa ya kukabidhiana mizigo.

KUSINI BAADA YA RELI

Reli ilipoondoka, Kusini kuliachiwa barabara, na barabara ilikuwa na ufuko wake, nao ni mto Rufiji. Kwa miaka mingi malori yalipanga foleni kwenye kivuko cha Ndundu. Mvua zikizidi, watu walilala njiani kwa majuma. Daraja lililofunguliwa mwaka 2003, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, liliondoa adha hiyo. Mwaka 2010 likafunguliwa Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma, likatuunganisha na Msumbiji, nchi ambayo wapiganaji wake wa ukombozi walipata mafunzo Nachingwea, kwenye ardhi hiyo hiyo ya karanga.

Hata hivyo, njia moja ni njia moja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, mafuriko yalibomoa barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa Kusini kukawa kisiwa kweli kweli. Watu wa Mafia, walioupata upepo ule kwanza, hawahitaji kusimuliwa. Siku zile zilionyesha kwamba usalama wa uchukuzi ni kuwa na njia zaidi ya moja: bahari, barabara na reli, kila moja ikiweza kuupokea mzigo wa mwenziwe inapoanguka.

Mzigo wenyewe sasa upo. Katika msimu wa 2024/25 taifa lilikusanya korosho zaidi ya tani 500,000, na nyingi zilitoka Mtwara, Lindi na Ruvuma. Kwa malori ya tani 30, hizo ni safari zaidi ya 16,000. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilifunguliwa Mtwara mwaka 2015. Bandari ya Mtwara imeongezewa gati la meta 300. Tangu mwishoni mwa 2021 makaa ya mawe ya Ruvuma yamekuwa yakiteremshwa kwa malori hadi bandarini humo, yakipita Tunduru na Masasi. Tufanye hesabu ndogo: treni moja ya mabehewa 40, kila behewa tani 40, hubeba tani 1,600. Hizo ni kazi ya malori zaidi ya 50, pamoja na madereva wake, mafuta yake na lami inayokandamizwa. Mwaka 1951 kulikuwa na reli, mzigo haupo. Leo mzigo upo, reli haipo.

TUSIJENGE KISIWA CHA PILI

Kwa miaka mingi imezungumzwa habari ya reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye ziwa Nyasa, yenye urefu wa kilometa zipatazo 1,000, pamoja na matawi ya Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Mwaka 2004 Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia zilitia saini makubaliano ya Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara, na reli hiyo ni uti wa mgongo wa fikra hiyo. Bado haijajengwa. Sisi tunaiunga mkono kwa moyo wote. Kwa kuwa tunaiunga mkono, tuna mambo manne tunayotaka viongozi wayaangalie kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

La kwanza ni kuungana. Matawi ya Liganga na Mchuchuma yanafika wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe. TAZARA inapita Makambako, katika mkoa huo huo. Lakini vituo vinavyotajwa kila siku ni Mtwara, Mbamba Bay, Mchuchuma na Liganga; Makambako haisikiki. Ikiwa reli hiyo itaishia migodini, itakuwa ni kisiwa kirefu kuliko kile cha kwanza, lakini kisiwa. Bei ya chuma ikianguka ng'ambo, au makaa yakikosa wanunuzi, mabehewa yatalala kama yalivyolala mwaka 1951. Ikifika Makambako, hata kama vipimo vya reli havilingani na itabidi makontena yahamishwe kwa kreni, itakuwa imeshika mkono wa Zambia kwa upande mmoja na wa Dar es Salaam kwa upande wa pili.

La pili ni mkulima. Reli ya migodi hupenda kwenda moja kwa moja, mgodini hadi melini, bila kusimama. Tunasema isimame Masasi. Pale pawe na uwanja wa mizigo wenye njia za pembeni za kutosha, na ghala kuu la ushirika lijengwe ubavuni mwa reli, ili korosho zikishapimwa na kunadiwa zitoke mlangoni ziingie katika kontena juu ya behewa. Barabara ya lami ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, yenye kilometa 160, ihesabiwe kuwa ni sehemu ya mpango huo. Na njia za Lulindi, Chiwata na vijiji vya bondeni ziunganishwe nayo. Mikono mitano tuliyoihesabu itabaki mitatu. Kila mkono unaopungua ni mizani moja iliyopungua, na ni ugomvi mmoja wa unyaufu uliopungua.

La tatu ni mzigo wa kupanda. Makaa ya mawe huchukuliwa katika mabehewa ya wazi, nayo hayawezi kurudi na saruji, mbolea wala salfa, kwa kuwa vitu hivyo huogopa mvua na uchafu. Mpango usipoangalia jambo hili, treni zitateremka zimejaa na kupanda tupu, na nauli ya mkulima italipia utupu huo. Yafaa yawepo pia mabehewa tambarare ya kubeba makontena, ambayo hayachagui mzigo. Korosho huteremka kuanzia Oktoba, wakati wa kaskazi. Salfa na pembejeo hupanda katikati ya mwaka, wakati wa kusi. Saruji, mafuta na chumvi hupanda mwaka mzima. Mwenyezi Mungu ametupa tena pepo mbili; itakuwa aibu kutumia mmoja.

La nne ni hati na dhamana. Mzigo ukitoka Masasi uwe na hati moja na nauli moja hadi tumboni mwa meli, na ijulikane kwa maandishi ni nani mwenye dhamana katika kila hatua. Sisi Waafrika ya Mashariki tulikwisha kuonja ubaya wa mali kukaa mikononi mwa mtu bila ya maafikiano. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilishikilia injini na mabehewa yaliyokuwa ndani ya mipaka yake, na njia zilizokuwa zikipokezana zikafungiana milango. Katika ukanda huu zitakutana reli, bandari za bahari na ziwa, vyama vya ushirika, makampuni ya migodi na nchi nne jirani. Masharti ya kukabidhiana yaandikwe sasa, wakati wote wanahitajiana.

KWA NDUGU WA VISIWANI

Tunarudi kwa wasomaji wetu wa visiwani, kwa maana huenda mtu akasema: haya yananihusu nini? Visiwa vyenyewe vimewahi kuwa na reli. Kati ya mwaka 1904 na 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilijenga reli ya maili saba kutoka Ngomeni, Unguja mjini, hadi Bububu. Ilibeba abiria kwa wingi. Zilipokuja motokaa abiria wakaihama, ikaishia kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, nayo ikaondolewa. Haikuwa na ghala la karafuu mwisho wake, wala shamba lililoitegemea. Ilikuwa njia ya kutembelea, na matembezi hupata njia nyingine.

Jambo la pili ni kwamba Mtwara na visiwa ni majirani wa tangu zamani. Misafara ya Wayao kutoka ziwa Nyasa ilishuka Kilwa, Lindi na Mikindani, na huko mali ilikabidhiwa kwa vyombo vya Unguja. Katika misafara hiyo kulikuwa na meno ya tembo, na kulikuwa pia na binadamu waliofungwa minyororo, jambo ambalo hatuna haki ya kulisahau. Leo njia hiyo hiyo yaweza kupitisha biashara halali na ya heshima: saruji, mchele, mahindi na mbao za bara kwa visiwa, na meli za visiwa zikapata mzigo wa kubeba. Bandari ya Mtwara ikichangamka, Mafia, Unguja, Pemba na Ngazija zitakuwa na soko la pili pasipokuwa na foleni ya Dar es Salaam.

Kwa viongozi tunamalizia hivi. Wakoloni walijenga reli ya Kusini kwa kutazama ramani na bei ya mafuta ya karanga mjini London. Hawakumwuliza mkulima wa Lulindi analima nini, wala hawakujiuliza reli yao itashikana na nani. Sisi tunaye mkulima huyo, tunajua analima nini na lini, tunaijua TAZARA ilipo na ziwa lilipo, na kwenye ziwa hilo tayari zimo meli zetu za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya tani 1,000. Wataalamu wanaochora njia hiyo na wapelekwe Masasi mwezi wa Novemba, wakati maghala yamejaa na malori yamepanga foleni, wakae na makarani wa vyama vya msingi na kuhesabu nao gunia linapita mikono mingapi. Hesabu hiyo ndiyo iwe ukurasa wa kwanza wa mpango wa reli.